Jumbe Aliyepewa Mji wa Lumbizi

Sogeeni, sogeeni. Wewe mwenye karanga, zimalize kwanza, maana huko kutafuna kwako kunanipoteza njia. Haya!

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa neno, likatafuta mdomo!
Likaupata?
— Likaupata, likakaa!

Basi hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke akiitwa Siwema, muuza vyungu wa mji wa Lumbizi. Siwema alikuwa na uroho wa maneno. Akienda kuuza vyungu ugenini, harudi mpaka ameijua lugha ya wenyeji. Alizijua tano. Ya sita alijua matusi tu, nayo aliyapenda sana.

Lakini lugha ya kwao, Kilumbizi, ndiyo aliyoiona tamu kuliko zote. Mvua inayonyesha jua likiwaka ilikuwa na jina lake. Inayonyesha shambani kwa jirani peke yake nayo ilikuwa na jina lake, na hilo lilitamkwa kwa kununa. Msicheke, ndivyo walivyosema watu wa Lumbizi.

Nchi yote hiyo ilikuwa chini ya Jumbe Mwinyikondo, na Jumbe alipenda vitendawili kuliko ubwabwa. Nyinyi desturi mnaijua. Ukitegewa ukashindwa, unaambiwa nipe mji. Unatoa mji wowote, Lamu, Bagamoyo, maneno matupu. Mwenzio anausimulia: nilikwenda, wakanisalimu hivi, nikala hiki, wakaniaga hivi. Kisha anakupa jibu, mnacheka, yamekwisha. Kwa Jumbe Mwinyikondo, thubutu! Kwake ukishindwa unatoa mji unamolala wewe mwenyewe, na akishapewa ni wake kweli kweli.

Siku moja Mbwera, kaka yake Siwema, akapeleka mahindi kwa Jumbe. Akategewa kitendawili. Akakuna kichwa. Akakuna tena. Akakuna mara ya tatu. Akashindwa, akatoa Lumbizi. Na jibu lilikuwa konokono. Konokono, jamani!

Jumbe akasema, "Nawapa miezi mitatu mhame. Ng'ombe wangu wanataka malisho."

Mji mzima ukalia. Siwema akalia kupita wote, maana aliona mbali: watu wakitawanyika, huyu huku, yule kule, nani atakizungumza Kilumbizi? Ile mvua ya kwa jirani itakuwa mvua tu. Alipochoka kulia akanawa uso, akaenda kwa Jumbe.

"Shikamoo, Bwana Jumbe."

"Marahaba. Umeleta vyungu?"

"Sikuleta, Bwana. Nimekuja kusikiliza. Umepewa Lumbizi, lakini hujausimulia. Walikusalimuje? Ulikula nini? Walikuagaje?"

Barazani watu wakaguna. Kweli bwana, mji usiosimuliwa haujapokelewa. Jumbe akaguna naye.

"Hilo dogo. Kesho nakwenda, keshokutwa nasimulia."

"Kwa maneno yao wenyewe, Bwana. Kwa Kilumbizi."

"Si utanitafsiria wewe?"

"Kwani mji amepewa nani, Bwana? Mimi au wewe?"

Watu wakacheka chini kwa chini. Siwema hakuwa na hila nyingine moyoni ila kumchelewesha, huenda akachoka akawaachia mji wao.

Jumbe akaja Lumbizi na mkeka wake na mto wake. Asubuhi bibi mmoja akamsalimu. Loo! Salamu ya asubuhi ya Kilumbizi humwuliza mtu kama miguu yote miwili imeamka. Jumbe akasema neno, watu wakaanguka chini kwa kicheko. Alikuwa amejibu kwamba wa kushoto umeolewa!

Jumbe akanuna. Akarudia. Akapatia. Mwezi wa kwanza ukaisha kwa salamu.

Mwezi wa pili, chakula. Ugali wa moto una jina, wa baridi una jina, na ule mliobakishiana kwa haya, kila mmoja akisema nimeshiba, nao una jina. Jumbe akauomba huo, wakampa wa jana. Akanuna. Akarudia. Akapatia.

Mwezi wa tatu, kuagana. Kilumbizi hakina neno moja la kuagana. Kuna la anayerudi leo, kuna la anayerudi mwakani, kuna la yule mnayeomba asirudi. Jumbe alipoagwa kwa hilo la mwisho, akalielewa peke yake. Akanuna? Hakununa! Akacheka mpaka kilemba kikamtoka.

Tangu hapo mtu huyo hakukamatika. Alfajiri yuko kisimani, anauliza hiki mnakiitaje. Mchana yuko kwa mfinyanzi, anauliza na hiki je. Siwema alimfundisha, na kusema kweli alianza kumpenda mwanafunzi wake. Ila ng'ombe hakuwasahau. Siku zilikuwa zimekwisha, na Jumbe sasa angeweza kusimulia mji mzima bila kujikwaa.

Jioni ya mwisho waziri wa Jumbe akaja kusikiliza. Watu wakala wakanawa, kisha, kama kawaida yao, wakaanza vitendawili. Jumbe akasema, kwa Kilumbizi safi, "Nitegeeni na mimi kimoja, kisha nisimulie."

Siwema akamtazama. Akautazama mkeka wa Jumbe mlangoni pale. Miezi mitatu mkeka huo haujahama. Moyo ukamruka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimemgawia mgeni kapu zima, kwangu halikupungua hata punje."

Jumbe akafikiri. Akasema, maji ya kisima? Siyo. Moto? Siyo. Harufu ya mchuzi? Siyo, lakini umejitahidi.

"Basi, nimeshindwa."

"Nipe mji, Bwana."

"Nakupa..." Naye akautazama ule mkeka. Waziri akamvuta kanzu. "Bwana, toa Lamu! Toa Bagamoyo!"

"Lakini sheria ni yangu," Jumbe akasema polepole. "Mshindwa hutoa mji anamolala. Nami nalala Lumbizi. Chukua mji wako, Siwema."

Mji ukalipuka kwa vigelegele. Mbwera ndiye aliyeruka juu kuliko wote, na aibu yake yote. Siwema akalia tena, safari hii kwa furaha, akasema, "Jibu ni lugha, Bwana. Umeibeba yote, na sisi tunayo."

Jumbe akapiga paja akacheka. Akacheka, akacheka, machozi yakamtoka. Waziri akashika kichwa. "Bwana wangu, umepoteza mji mzima! Unacheka nini?"

"Hukusikia?" Jumbe akasema. "Wamenitegea kwa Kilumbizi, na nimeelewa kila neno!"

Ngano yangu imefika kwenye kizingiti.
— Iingie!
Ikiwa tamu, kawapeni wa kwenu kwa lugha ya kwenu.
— Na ikiwa chungu?
Niachieni mwenyewe, niinywe na kahawa.