Kipa Aliyetamia Mipira

Kicheko hakivunji mguu. Ndivyo alivyowaambia mwalimu wenu leo, Upendo aliposahau shairi mbele ya shule nzima, mkaangua kicheko hadi mtoto wa watu akakimbia. Sasa mmekuja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Methali nyingi hatujui nani alizisema kwanza. Hii tunamjua, na siku yenyewe naikumbuka, kwa sababu nilikuwa beki wa kulia wa timu ile. Ilianza hivi.

Hapa Njombe palikuwa na timu ya wasichana ikiitwa Upepo Queens. Tukicheza nyumbani, watazamaji wetu walikuwa mama zetu na wapita njia waliokatiza uwanjani kwenda sokoni. Hilo tulilizoea. Kilichotutesa ni mechi za ugenini, maana hatukuwa na gari. Tulikuwa tumeshashindwa kufika kwenye mechi za Iringa na Songea, na chama cha mpira kikatuonya kwamba tukikosa nyingine tunafutwa kwenye ligi.

Ndipo ikaja kampuni moja ya chakula cha kuku. Wako tayari kutupa basi dogo msimu mzima, wakasema, ila wanataka mchezaji mmoja awafanyie tangazo. Tulirukaruka kwa furaha. Kisha kijana wao akafungua mfuko, akatoa vazi: manyoya ya njano mwili mzima, mabawa, na kilemba chekundu cha kuku cha kuvaa kichwani. Shangwe ikazima. Nahodha akasema yeye ana mchumba. Mimi nikasema baba yangu ni mzee wa kanisa. Tukabaki tunaangalia viatu vyetu.

"Lete," akasema Skolastika Mligo.

Skola alikuwa kipa wetu. Msichana mrefu, mwenye viganja vipana, mkimya kiasi kwamba hata golini alitupanga kwa kidole badala ya kupiga kelele. Hakuna aliyemtazamia. Akalichukua lile vazi kama mtu anayechukua jembe aende shambani.

Wakamkalisha ndani ya tenga kubwa lililojaa nyasi, juu ya mipira iliyopakwa rangi nyeupe. Akatamia. Akalia ko-ko-ko. Mpira mmoja ukabingirika kutoka tengani, naye akaruka na mabawa yake, akaudaka kabla haujagusa chini, akatazama kamera na kusema: "Kwangu halipotei yai!"

Jamani, tangazo lile lilisambaa! Kila simu uliyoishika ilikuwa nalo. Lilifika Dar es Salaam, likavuka mpaka Nairobi, watu wakiliongezea muziki wao. Skola akipita sokoni, wauza viazi walimlilia ko-ko-ko. Madereva wa bodaboda walipiga honi na kupunga viwiko kama mabawa. Jumapili, alipokuwa anarudi kutoka kupokea komunyo, mtoto mmoja akalia "ko!" na kwaya nzima ikashindwa kumaliza wimbo. Mama yake alimngoja nje ya kanisa, kitenge kimemfunika nusu ya uso.

"Skola, mwanangu, hukuona kazi nyingine ya kuifanyia timu yako?"

Tangu siku hiyo Skola akawa anakuja mazoezini kwa njia ya nyuma, ile ya makaburini.

Basi lilikuja kweli, na mechi ya ugenini iliyofuata tulifika mapema, tumesinzia kwenye viti kama watu wenye kwao. Halafu ikaja mechi ya nyumbani na timu ya Mbeya. Tulipotoka kuingia uwanjani hatukuamini macho yetu. Watu walikuwa wamejaa pande zote, wengine juu ya malori, wengine kwenye paa la choo. Hawakuja kutazama mpira. Walikuja kumwona kuku.

Skola alipogusa mpira wa kwanza, uwanja mzima ulilia ko-ko-ko. Nilimwona mabega yanapanda. Akaganda kwenye mstari wa goli kama aliyefungwa kamba, na baadaye Mbeya wakapiga shuti jepesi, la mtoto, likampita katikati ya miguu.

"Yai limepotea!" watu wakapiga kelele, wakashikana wasianguke kwa kucheka.

Mapumziko tuliingia chumbani. Skola akakaa kwenye benchi, akashika goti kwa mikono miwili.

"Kocha, nitoe. Mguu umevunjika."

Kocha Mbilinyi akamwita Mama Nyalusi. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, mama mnene wa maneno machache, aliyekuwa akituhudumia siku za mechi. Akapiga magoti sakafuni, akamvua Skola soksi. Akabonyeza goti. Akazungusha kifundo. Akapitisha vidole kwenye muundi, taratibu.

"Unauma hapa?"

"Hapana, mama."

"Hapa?"

"Hapana."

"Sasa unauma wapi, Skola?"

Skola akaanza kulia. "Wananicheka, mama. Wote. Hata mama yangu hawezi kutembea na mimi njiani."

Mama Nyalusi hakumbembeleza. Akakaa vizuri pale sakafuni, mguu wa Skola bado uko mapajani mwake.

"Mwanangu, mimi nimefunga miguu iliyovunjwa na pikipiki. Nimefunga iliyovunjwa na ng'ombe, na magogo, na shimo la choo. Mguu uliovunjwa na kicheko sijaletewa bado. Wenzako wanacheza leo kwa sababu yako. Kama usingevaa yale manyoya, timu hii isingekuwepo." Akamvalisha soksi, akaipandisha hadi gotini kama anayemvalisha mtoto. "Kicheko kinauma, najua. Lakini kicheko hakivunji mguu. Funga kiatu."

Skola akajifuta uso kwa glavu. Akafunga kiatu.

Kipindi cha pili kelele zilikuwa zilezile. Skola hakutulia mara moja; mpira wa kwanza ulimponyoka, nikauokoa mimi. Kisha mshambuliaji wao akanipita, akabaki yeye na kipa. Safari hii Skola hakungoja kwenye mstari. Alitoka mbio, akajirusha miguuni kwa yule binti, akaukumbatia mpira na kuulalia kwa kifua chote.

Uwanja ukanyamaza. Halafu mwanamke mmoja upande wa wauza viazi akapaza sauti: "Halipotei!"

Wakamwitikia wote: "Halipotei!"

Skola akainuka, vumbi mdomoni. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikasikia sauti yake golini: "Pandeni! Pandeni mbele!" Tukapanda. Dakika za mwisho nahodha wetu akasawazisha kwa kichwa, na mechi ikaisha sare. Mama yake Skola aliingia uwanjani kabla ya watu wote, kitenge begani, akamshika mkono, wakatoka pamoja kwa barabara kuu.

Jumatatu yake tulikuta wasichana wadogo wanatungoja uwanjani, wametoka mitaa ambayo haikuwahi kutuletea mchezaji. Kocha akawauliza nani anataka kucheza nafasi gani. Miaka yote tulikuwa tunalazimishana kukaa golini. Siku ile waligombana nani awe kipa.

Neno la Mama Nyalusi tulitoka nalo sisi wachezaji. Likaingia sokoni, likaingia shuleni, na leo mnaambiwa na walimu ambao hawajui hata limeanzia kwenye goti la nani. Wanangu, sikatazi mtu kuona haya. Mtachekwa, na mtaumia. Mkishalia, shikeni miguu yenu muone kama haisimami. Kicheko hakivunji mguu.