Karanga Hula kwa Mkono wa Mtama

Karanga hula kwa mkono wa mtama. Methali hii mmeisikia leo ikitamkwa mbele ya ndugu waliokuja kupatanishwa, nanyi mkaniuliza ilitoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Katika kijiji cha Nakiteje, ambako udongo ni mweupe kwa chokaa, Mzee Lipande alifariki akaacha wajane wawili na shamba moja. Mkubwa, Bi Esha, alilima mtama. Mdogo, Somoe, alilima karanga. Marehemu alikuwa amewataka wapande kwa kupishana, mstari wa huyu na mstari wa yule, kama alivyofanya baba yake. Hakuna aliyemwuliza sababu.

Ukoo ule ulikuwa na desturi isiyo na huruma. Mjane alikaa kwenye shamba la mumewe maadamu linazaa. Likishindwa, hurudishwa kwa ukoo, naye hurudi kwao. Somoe hakuwa na kwao. Wazazi wake walikwisha kufa na nduguze walitawanyika.

Eda ilipokwisha, alichoka na mtama. Uliwavuta ndege, na kila asubuhi ilimpasa kuamia, akiwafukuza kwenye mazao yasiyo yake.

"Bi mkubwa, tugawane," alisema. "Ndege wako wakufuate wewe."

"Wangekuwa wangu ningewafuga," Bi Esha alijibu. "Marehemu hakulima hivyo."

"Marehemu hashiki jembe tena."

Wakagawana. Mvua ziliponyesha, Somoe alipanda karanga tupu. Ziliota vizuri, kisha majani machanga yakaanza kupauka. Ya chini yalibaki kijani, lakini ya juu yaligeuka manjano, mishipa yake tu ikionekana kijani, na mwishowe yakawa meupe. Alimwaga jivu la jikoni, kama alivyozoea kuufanyia mchicha wake. Hali ikazidi. Aling'oa shina moja akaona mizizi imevimba nchani na kujaa vinyweleo, kama vidole vya mtu anayepapasa gizani. Mmea ulikuwa unatafuta kitu, naye hakujua ni kitu gani.

Mstari mmoja tu ulistawi: ule uliopakana na mtama wa Bi Esha.

Somoe aliutazama mstari ule hadi hofu ikamfundisha neno baya. Akamwita shemeji yake Chitanda, mkuu wa ukoo, pamoja na wazee.

"Tazama, shemeji. Uhai wote wa shamba langu umekimbilia mpakani kwake. Utaniambia umekwenda wenyewe?"

Chitanda akamgeukia Bi Esha. "Una la kusema?"

"Nina mtama. Sina dawa."

"Mbona karanga zilizo karibu nawe hazijaugua?"

"Sijui. Au mnataka niseme najua, mpate la kunifunga?"

"Hiyo si kauli ya mtu safi," mzee mmoja alinong'ona.

"Niliingia nyumba hii wewe Chitanda ukiwa unatambaa," alisema Bi Esha. "Kama hilo halinishuhudii, sina shahidi mwingine."

Wazee waliamua arudi kwa kaka zake, na mtama wake ung'olewe ungali mbichi ili madhara yakome. Bi Esha alifunga kanga zake na sufuria moja. Alipompita Somoe alisimama.

"Mdogo wangu, ndege hawatakusumbua tena."

Somoe akangoja karanga zirudi kijani. Hazikurudi. Muda si mrefu mstari wa mpakani nao ukaanza kupauka, kuanzia majani machanga. Alichimba pale, akakuta mizizi ya karanga imesokotana na mabaki ya mizizi ya mtama. Aliketi chini palepale.

Siku hizi mabwana shamba hutueleza vizuri. Mmea hauwezi kuwa kijani bila madini ya chuma. Udongo mweupe unayo, lakini chokaa huyafunga, na jivu huyafunga zaidi. Karanga hujitahidi kuyafungua, lakini hushindwa. Mtama hutoa mizizini majimaji yanayoyafungua, na jirani yake hupata riziki hapo. Somoe hakuyajua hayo. Alijua tu nani alikuwa akimlisha nani.

Alikwenda kwa kaka zake Bi Esha, akamkuta anapepeta nafaka.

"Bi mkubwa, nilikusingizia."

"Umekuja kuomba msamaha au mtama?"

"Vyote viwili."

"Mtama mliung'oa. Msamaha sijaupanda." Akaendelea kupepeta. Somoe alisimama uani hadi pumba zikamfunika miguu, kisha akarudi.

Wakati wa kuvuna, alichimbua maganda matupu. Chitanda alikuja kulitwaa shamba kabla hajamaliza.

"Tulimfukuza mchawi," alisema kwa uchungu. "Kilichobaki cha kuziua karanga ni nini?"

"Hapakuwa na mchawi, shemeji. Karanga zilikuwa zinakula kwa mkono wa mtama. Nami niliwaita mje kuukata."

Chitanda hakumtuma mtu kumrudisha Bi Esha. Aibu ya wakubwa ni nzito kubeba, huachwa ilipoangukia. Somoe alishika njia bila mzigo, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Shamba likabaki jeupe kwa miaka, watu wakilipita na kuambiana kwa sauti ya chini: karanga hula kwa mkono wa mtama.