Tembo na Jina la Sisimizi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, na zamani yangu mimi ina kompyuta, msinikatize, watoto wa wanyama walishikwa na kikohozi. Koho! Koho! Kijiji kizima.

Bundi mganga alitafuta dawa, lakini hesabu yake ilikuwa ndefu mno. Akaikata vipande, akatangaza shindano: "Kila nyumba iniazime kompyuta. Mwenyewe akipumzika, yenyewe ifanye hesabu. Kikundi kitakachomaliza vipande vingi kitapata taji."

Nguchiro na wenzake wacheza gemu za mtandaoni wakajiandikisha. Tembo, mkuu wa kijiji na wa kikundi cha Wazito, akacheka mpaka masikio yakapiga pa! pa!

"Nyie? Na vikompyuta kama vibiriti? Sisi Wazito tukishinda, kile kibanda chenu cha mtandao nakivunja!"

Loo! Bila kibanda, hakuna kucheza pamoja tena. Nguchiro akaenda kwa Tembo, mpoleee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimeleta gemu ya mbio. Ila wewe huiwezi."

"Ebo! Mimi?"

"Tena watu watakucheka. Labda utumie jina la kuchezea, kama sisi."

Tembo akachungulia dirishani. Akanong'ona, "Niandike Sisimizi."

"Sikiliza sharti, mzee. Kompyuta ya kila mchezaji, mwenyewe akipumzika, inafanya hesabu ya kikundi che..."

"Sawa, sawa! Fungua!"

"Nirudie?"

"Nimesema sawa, bwana!"

Ti-ti-ti-ti! Tembo akacheza. Kila alipolala, kompyuta yake, kubwa kama ghala, ikanguruma ngrrr, ngrrr, ikitafuna hesabu.

Siku ya taji, Bundi akasoma: "Wa kwanza, Wacheza Gemu!"

"Uongo!" Tembo akafoka. "Kompyuta yangu peke yake inawashinda wote!"

"Aliyefanya vipande vingi kuliko wote ni mchezaji wao, Sisimizi. Ajitokeze tumvike taji!"

Tembo akalitazama taji. Likang'aa. Akajikuna sikio, akameza mate.

"Ni... ni mimi."

"Wewe ndiye Sisimizi?" Kijiji kikaangua kicheko, kwa kwa kwa!

"We Nguchiro! Sharti la kuwafanyia nyie hesabu nililikubali lini?"

"Mara mbili, mzee."

Dawa ikapikwa siku hiyohiyo, na watoto wakalala bila kukohoa. Kifaru akauliza, "Sasa mkuu, kibanda tunakivunja?"

Tembo akatunisha kifua, taji limekaa upande. "Nani akiguse? Hicho ni kibanda cha kikundi changu!"

Basi wajukuu zangu, sharti lisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjasema sawa.