Kaa la Moto la Mama Ambakisye

Mfagia jivu huacha kaa la moto. Vijana wangu, mmeisikia leo hapa kwenye karakana yetu kwa yule mteja aliyekataa tusasishe kompyuta zake mbili kwa pamoja, mkamcheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi.

Huko Tukuyu aliishi mjane, Bi Atuganile, katika nyumba ya vyumba vinne na mtu mmoja. Mwanawe wa pekee, Ambakisye, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kitochi cha mama, simu ndogo ya vitufe, hakikupokea simu za mtandao, kwa hiyo walizungumza kwa kompyuta tu, meli ikiwa bandarini. Kompyuta zilikuwa mbili, kila moja na mfumo wake. Ya marehemu mumewe ilikuwa jeuri: kila ikisasishwa ilizira, mara haina sauti, mara haiwaki. Ile aliyoletewa na mwanawe ilikuwa tiifu: ilijisasisha kimya kimya, wala haikuwahi kumwangusha.

Jumamosi moja Ambakisye aliahidi kupiga alasiri, kabla ya safari ndefu isiyo na mtandao. Mama alitaka amwone vizuri. Mchana akaziruhusu zote mbili zijisasishe, akijua jeuri ikigoma, tiifu ipo. Akaenda kuvaa kitenge anachokipenda mwanawe.

Jeuri ikazimika, haikuwaka tena. Hilo alilitarajia. Lakini safari hii tiifu nayo ikakwama katikati, duara likawa linazunguka tu. Alasiri ikaja, ikapita. Bi Atuganile alikaa na kitenge chake mbele ya vioo viwili vya kompyuta.

Jirani yake, Mzee Mwaisumo, alimkuta jikoni akifukua moto.

"Amepiga, Mama Ambakisye?"

"Bila shaka amepiga, baba, ila milango yote niliifunga mwenyewe." Akalitazama kaa jekundu lililolala chini ya jivu. "Tangu niolewe sijafagia jiko hili bila kuacha kaa la moto la kuwashia kesho. Mezani, kwenye kompyuta, leo nimefagia yote."

Mzee akavuta kigoda. Akaketi naye mpaka chai ikachemka.

Jioni tiifu ikazinduka yenyewe, nzima kabisa, na ujumbe mmoja: "Mama, nimepiga mpaka tunang'oa nanga. Uko salama?"

Akaandika, "Niko salama, mwanangu." Meli ilikwisha kwenda. Kwa wiki nyingi alifungua kompyuta ile kila asubuhi, akakuta neno lake bado halijasomwa, na mwanawe yuko baharini hajui kama mama yake yu hai.

Kwa hiyo yule mteja akirudi, msimcheke. Sasisheni moja, muone inawaka, ndipo mguse ya pili. Mfagia jivu huacha kaa la moto.