Wavu wa Mhando na Mwanamvua

Wavu bila sauti ni kamba. Jana mliisikia harusini wakiambiwa maharusi, na leo mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kijana mgeni alipiga hodi kwa Mhando na mkewe Mwanamvua, huko milima ya Unguu, siku ambayo hawakumtarajia mtu. Jina lake Mgaya. Alikuwa ametembea siku mbili. Nyumba yake ilikuwa imeungua pamoja na wavu wake wa kuwindia paa, naye ndiyo kwanza ameoa. Alikuwa amesikia kwamba hapa kuna wavu usiotumika.

"Ni kweli," Mhando akasema. "Macho yangu yaliniacha mwaka juzi, na wavu bila macho ni kamba tu. Pumzika, kesho asubuhi uondoke nao."

Mwanamvua alikuwa jikoni akisikia. Mwiko ulisimama mkononi.

Wavu ule waliusokota wawili, mwaka mzima, kwa nyuzi za katani. Kwa miaka ishirini Mhando alijibanza kimya nyuma ya wavu, naye Mwanamvua akaingia kichakani upande wa pili, akiita na kupiga matawi ili paa wakimbilie kwa mumewe. Akiita chinichini, paa anatembea. Akipandisha sauti, anakimbia. Akinyamaza, amegeuka. Tena walikuwa na desturi yao: wakigombana asubuhi, hawatoki mpaka wapatane, maana sauti yenye hasira hutawanya paa kila upande. Majirani walidhani nyumba ile haina ugomvi. Ulikuwepo, ila njaa iliufupisha.

Tangu macho yale yazimike, hakuna aliyemwita mwenzake kutoka mbali. Walikaa chumba kimoja kutwa nzima, na bado Mwanamvua alimtamani mumewe kama mtu aliye safarini.

Akatoka jikoni. "Umempa wavu wetu."

"Nimeahidi. Kesho asubuhi."

"Basi leo bado ni wetu. Twende."

Mhando akacheka kidogo. "Nikaone nini huko?"

"Kwani zamani ulikuwa unaniona? Kichaka kile hata mbwa haonekani. Miaka ishirini, Mhando, hukuniona porini hata siku moja. Ulinisikia."

Mhando akanyoosha mkono kutafuta fimbo yake.

"Sauti yenyewe imezeeka," akasema.

"Na masikio yako pia. Vitaelewana."

Mgaya aliwasaidia kukita vigingi na kufunga wavu, kisha akajitenga. Mwanamvua akakizunguka kichaka peke yake. Alipoita mara ya kwanza, sauti ilitoka na mikwaruzo. Akaita tena, chinichini. Hakujibiwa, mshika wavu hajibu. Lakini alijua kwamba kule mbele kuna mtu anayesikiliza kila hatua yake, na machozi yakamlengalenga huku akipiga matawi. Majani yakatikisika. Akapandisha sauti. Paa akatoka mbio, akasita, akageuka. Mwanamvua akanyamaza.

Alipotokea upande wa pili, Mhando alikuwa amemlalia paa ndani ya wavu, akihema.

"Uliponyamaza nilijua amegeuka, nikasikia majani kushoto," akasema. "Nikahamia kushoto." Akatafuta mkono wa mkewe, akaushika, asiuachie mpaka walipofika nyumbani.

Asubuhi Mgaya alikuja kuaga mikono mitupu.

"Mzee, baki nao. Jana niliona kwa macho yangu."

Mwanamvua alimtazama mumewe, akitamani akubali. Kusokota wavu mwingine ni mwaka, na kwa mtu asiyeona huenda ni miwili. Mhando aliuteremsha wavu ukutani, akaupapasa fundo kwa fundo hadi mwisho, polepole, kisha akaukunja.

"Niliahidi kabla sijajua," akasema. "Lakini niliahidi. Chukua, mwanangu. Ukifika kwako, muombe mkeo aingie kichakani, nawe ujifunze kumsikiliza. Jana nilikuambia vibaya. Wavu bila sauti ni kamba."