Msimamizi Aliyetumbukia Mtaroni

"Najua" ilimwaga maziwa. Mnacheka? Haya, tulieni niwape chanzo chake, maana methali haiokotwi njiani kama kuni.

Huko milimani Rungwe, kwenye kituo cha kukusanya maziwa, palikuwa na msimamizi jina lake Ambakisye. Mtu mwema, ila masikio yake yalikuwa ya kuzuia kofia isimfunike macho. Ukianza neno tu, yeye keshalimaliza: "Najua!"

Jumatatu moja Tupokigwe, mwosha madebe, alimwendea. "Bwana msimamizi, ule mpira wa bomba la tangi..."

"Najua, mama. Rudi kazini."

Alhamisi akaja mwalimu wa ushirika kuwafundisha kusikilizana, tena kwa michezo. Maziwa ya wafugaji yalikwisha kutiwa tangini, yakingoja gari. Mwalimu akamfunga Ambakisye kitambaa machoni, akamtwisha ndoo ya maji. Azunguke jengo asimwage, aongozwe na sauti ya Tupokigwe tu.

"Kushoto kidogo, bwana."

"Najua."

"Polepole, pana jiwe."

"Najua! Miaka kumi na mmoja naukanyaga ua huu!"

Walipofika nyuma ya jengo, Tupokigwe akapiga ukelele. "Simama, baba! Mtaroni kuna..."

"Najua!"

Akatumbukia, miguu juu, ndoo kule. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Naye akajikaza kucheka. "Si maji tu jamani?" Akavua kitambaa.

Kicheko kilikuwa kimekatika. Suruali yake ilikuwa nyeupe. Mpira wa bomba ulikuwa umepasuka, na maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yakipita mapajani mwake.

Tupokigwe alikimbilia koki, akaifunga, lakini tangi lilikuwa limebaki na povu. Ambakisye alitamani mtaro ummeze. Mtaro wenyewe ulikuwa wa kimo cha goti.

"Jumatatu," akauliza bila kuinua uso, "ulitaka kuniambia nini?"

"Bwana, si unajua?"

Jioni alipita nyumba kwa nyumba na suruali ileile, imekauka, inanuka mgando. Kila mlango alisimama akasemwa mpaka mwisho. Wa mwisho ulikuwa wa Bi Seba, mjane mwenye ng'ombe mmoja.

"Ambakisye, mwanangu alikuwa anywe yale. Nikayaleta kwako."

Neno lake la siku zote likamfika ulimini. Akalimeza.

"Nasikia, mama," akasema, akangoja amalize.

"Najua", wajukuu zangu, ilimwaga maziwa.