Nahodha na Vigingi vya Mkoko

Ndugu zangu, sogeeni mbele, hapo mlangoni hagawiwi mtu pilau. Leo nawapa mfano wa Mjerumani. Naam, Mjerumani! Mnanitazama kama nimekosea msikiti. Funzo halina kabila. Na msije mkatoka hapa mkaenda kuuliza meli hiyo iliitwaje na mabaki yake yako wapi. Mfano nimeutunga mwenyewe, nyinyi shikeni kilichomo.

Alikuwako afisa mmoja wa manowari za Kaizari, zama zile Wajerumani walipoitawala pwani yetu hii. Aliingia baharini ana miaka kumi na sita, kijana mkunjufu, anacheka na kila mtu. Alipofika cheo cha luteni alikuwa na rafiki yake, wanalala chumba kimoja melini, wanakula sahani moja. Siku moja akamnong'oneza rafiki yule kwamba mkubwa wao ni mzee aliyechoka, hajui kazi. Maneno yakamfikia mkubwa kabla chakula cha jioni hakijaiva. Wenzake wakapanda vyeo, yeye akabaki luteni miaka minane.

Hapo roho ikamgeuka. Akaapa hatamwamini tena mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Chai haigusi mpaka mpishi anywe kwanza, tena anywe mbele yake, ameze, afunue mdomo aonyeshe. Barua ya mkewe ikija, anaiinua juani aone kama imefunguliwa njiani. Na mkewe akiandika, "Sisi wazima, wazima kabisa," anakaa kutwa anajiuliza: mbona kasema wazima mara mbili? Anaficha nini? Jamani, hayo ni maisha hayo? Lakini wakubwa walimpenda, maana mtu wa namna ile hapitwi na mwizi. Wakampa nishani, mwishowe wakampa na manowari, akawa nahodha. Alijifunza hata Kiswahili, si kwa mapenzi, bali asikie watu wanamsema nini. Methali aliyoishika kuliko zote ni ile ya kikulacho ki nguoni mwako.

Vita vikaja. Waingereza wakamsaka kwa manowari kubwa kuliko yake, naye akakimbilia deltani, humu kwenye mikoko, ambamo maji yana njia nyingi na zaidi ya nusu zinaishia kwenye tope. Ikabidi atafute rubani. Akapata mtu wa huku kwetu, mkata boriti aliyezijua njia zote za maji. Yule bwana akaiingiza meli mpaka ndani kabisa, haikugusa tope hata mara moja. Kisha akakata miti ya mkoko, akasimika vigingi kando ya mkondo wenye kina, kutoka pale meli ilipojificha hadi baharini.

"Bwana mkubwa," akasema, "siku ya kutoka, hata kama mimi sipo, viweke vigingi mkono wako wa kulia. Hutakwama."

Mtu mwingine angesema ahsante. Nahodha akauliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, bwana. Meli hii ikikwama humu, Waingereza wataipiga mizinga, na nyumba zetu ziko palepale nyuma ya mikoko. Nina watoto. Nataka mtoke salama, mwende zenu."

Jibu gani lingekuwa wazi kuliko hilo? Lakini nahodha alilala nalo, akaamka nalo. Anataka tutoke, alijiambia. Kwa nini anataka tutoke? Huko nje anatusubiri nani? Na vigingi hivi ninavyoviona mimi, Mwingereza naye hana macho? Kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuona kwamba rubani ameshamuuza. Ushahidi hakuwa nao hata wa kujaza kijiko, lakini dhana haidai ushahidi, inajilisha yenyewe. Akampiga rubani marufuku kushuka melini.

Sasa sikilizeni alichofanya. Alfajiri moja alichukua mashua ndogo ya meli, akapiga makasia peke yake, mtu mzima na nishani zake, mpaka pale mkondo unapokata kona. Akang'oa vigingi vinne. Akavisimika upya upande wa pili, juu ya fungu la tope lililofichwa na maji. Atakayevifuata bila yeye kuwepo, akwame. Siku ya kutoka angesimama kwenye usukani mwenyewe, kwani siri anaijua yeye. Alirudi amelowa, na moyoni ana furaha ambayo hakuwa nayo miaka mingi.

Je, alimwambia nani? Msaidizi wake alikuwa luteni mmoja kijana, hodari, mwenye adabu. Hakumwambia. Kijana yule alikuwa anatabasamu sana, na nahodha hakupenda watu wanaotabasamu. Je, aliandika mahali? Hakuandika, karatasi nayo huokotwa. Alimwita luteni akampa amri moja tu, maana alijiambia kwamba rubani asiyeshuka melini akijua vigingi vimehama, basi ana wenzake huko nje.

"Rubani huyu akikwambia uviache vigingi upite kwingine, ujue ametuuza. Mfunge kamba."

"Ndiyo, Bwana Nahodha," akasema luteni, na akatabasamu.

Haikupita wiki, homa ya mbu ikamwangusha nahodha. Homa hiyo mnaijua, haiulizi cheo. Siku tatu anaweweseka kitandani, hajui usiku wala mchana. Na siku hiyo ya tatu zikaja habari kwamba Waingereza wanakuja kuuziba mlango wa bahari. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa kuliko siku zote. Kuyakosa maji yale ni kungoja wiki mbili nyingine, na wiki mbili hawakuwa nazo. Luteni angefanyaje? Akaamuru nanga ing'olewe.

Walikwenda vizuri mpaka kwenye ile kona. Rubani, aliyekuwa amesimama kando ya mshika usukani, akaruka kama aliyekanyaga moto. "Simamisha! Simamisha meli! Vigingi hivi vimehama!"

"Vimehama vipi?" akauliza luteni.

"Nilivisimika mwenyewe kwa mikono hii, bwana! Pale ni tope. Pita kulia kwake, nakuomba. Pita kulia!"

Luteni akamtazama. Aliona jasho la mtu yule, na moyo wake, ndugu zangu, ulimwambia kwamba mtu huyu anasema kweli. Lakini amri alikuwa nayo. Akaashiria kwa kidole, askari wakamkamata rubani wakamfunga kamba mikono nyuma. Meli ikavifuata vigingi. Ikapanda fungu kwa kishindo kilichowaangusha watu chini. Na maji, mnajua tabia yake, yalikuwa yameshaanza kupwa.

Kishindo kile kilimtoa nahodha kitandani. Alipanda juu anapepesuka, akakuta watu wamezunguka mlingoti. Rubani amepigishwa magoti, na askari amemwelekezea bunduki kichwani.

"Bwana Nahodha, ulisema kweli," luteni akamwambia. "Huyu alitoroka usiku akahamisha vigingi akatuuza, ndiyo maana alijua vimehama. Toa amri tummalize."

Nahodha akatazama vigingi vinne vilivyosimama juu ya tope. Akamtazama rubani. Na rubani hakulia wala hakuomba, alisema tu, "Watoto wangu wako kijijini, bwana. Watumieni mtu awaambie wakimbie." Oo, nahodha alitamani sitaha ipasuke immeze! Miaka thelathini ya utumishi, nishani, jina, vyote vilikuwa salama kama atanyamaza. Alitakiwa kutikisa kichwa tu. Wewe uliyekaa hapo ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Akasema, "Mwacheni. Vigingi nilivihamisha mimi."

Mnadhani sasa nitawaambia walimkumbatia, wakasema hakika huyu ni mkweli? Thubutu! Askari akaishusha bunduki. Kisha luteni akauliza, na safari hii hatabasamu, "Wewe? Peke yako? Ukatuficha sote? Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nawategea Waingereza."

"Mtu gani anayatega maji ya meli yake mwenyewe asimwambie hata msaidizi wake? Waingereza wamekupa nini?"

Nahodha akaeleza, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mkewe. Akawatazama mabaharia wake mmoja mmoja, hakuona jicho hata moja linalomwamini. Miaka yote aliwafundisha kutomwamini mtu, na walikuwa wamefuzu. Wakamfungua rubani, kamba wakamfunga nahodha.

Rubani alisimama anajisugua mikono. "Anasema kweli huyu," akawaambia. "Msaliti ana akili. Huyu ni mwoga tu." Hakuna aliyemsikiliza. Akashuka kwenye tope, akaenda mbio kuwatoa watoto wake, na nyuma yake moshi wa manowari za Waingereza ulikuwa umeshaonekana.

Haya. Mmemcheka Mjerumani, nimewaona. Sasa tujicheke sisi. Chumba cha jeneza cha msikiti huu kina makufuli matatu, na funguo zake wanazo watu watatu, kila mmoja na wake. Matatu! Nani anaiba jeneza, jamani, aende nalo wapi? Juzi Bi Zuwena, Mungu amrehemu, alifariki saa mbili asubuhi, na tukamzika jua linazama. Wanawe walikaa na maiti ya mama yao kutwa nzima, sisi tunapigiana simu kutafuta funguo. Kila mmoja wetu alikuwa na hofu kwamba mwenzake akikishika chumba kile peke yake atakifanya mali ya ukoo wake. Hakuna aliyewahi kukifanya hivyo. Tulidhani tu.

Na mnajua kufuli la tatu aliliweka nani? Nililiweka mimi, imamu wenu. Sikuwaamini wale wawili, kisha nikasimama hapa kila Ijumaa nikawahubiria mapenzi ya ndugu. Wana wa Bi Zuwena, mmekaa pale nyuma, nisameheni. Ufunguo wangu huu hapa, nauweka mkekani mbele yenu wote. Nyinyi wenzangu wawili mmo humu ndani, nawaona. Sitaanza dua mpaka mnyanyuke.